Ruzuku ya Miezi Miwili, Mboga ya Kila Siku

Sisi wa Musoma, Bunda na Butiama tunaishi kando ya Ziwa Victoria, na bado zipo kaya hapa ambazo samaki mbichi ni kitoweo cha wageni. Tumezoea kusema sababu ni umaskini, tukaishia hapo. Mimi nasema hiyo ni nusu ya sababu. Itazameni kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Ruzuku yake imepangwa kulipwa kila baada ya miezi miwili. Mchicha haumalizi siku mbili. Mama mwenye busara akipokea fedha hununua kinachokaa: mahindi, unga wa muhogo, dagaa wakavu. Tusimwambie hajui lishe. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila mboga mbichi haimo.

Kwa samaki ni vilevile. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, huwekewa barafu mapema kwa sababu kiwanda cha minofu kinamsubiri na mnunuzi wa Ulaya analipa. Kijiji cha ndani huko Butiama hakipelekewi barafu; kinafikiwa na mkavu, au na mapanki yaliyobaki baada ya minofu kukatwa. Wapo wanaotaka tuzuie kuuza nje. Sikubaliani nao, maana mvuvi naye ana watoto wa kusomesha. Wengine wanataka kila kaya ilime bustani. Ni shauri jema kwa mwenye nguvu na maji. Bibi anayelea wajukuu na kununua maji kwa ndoo wakati wa kiangazi tutakuwa tumemtwisha mzigo mwingine.

Anayekosekana ni mchuuzi mwenye kasha la barafu na pikipiki ya miguu mitatu, atoke Mwigobero mjini Musoma alfajiri, apite Kiabakari, afike Nyamuswa, akiuza kwa mafungu madogo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya biashara hii vipewe kipaumbele. Mtaniuliza, mchuuzi atarejeshaje mkopo kijijini kusiko na fedha? Swali ni la haki, na ndiyo maana naomba mambo mawili kwa pamoja: mkopo huo utolewe, na ruzuku igawanywe, itumwe kwa simu kila wiki mbili, ili mchuuzi akifika akute wanunuzi. Gharama ya kutuma itaongezeka, nakiri. Naomba waheshimiwa madiwani muipigie hesabu sasa, na maombi yenu yawafikie TASAF kabla makadirio ya bajeti ijayo hayajafungwa.