Mkono Unaorudia Kazi Ileile: Kuwakinga Wajenzi wa Masisi na Walikale

Wakubwa wa shantie, mafundi, na nyinyi mama mnaobeba mchanga na kuponda mawe,

Mtu akianguka kutoka kwenye jukwaa, shantie yote inasimama. Maumivu ninayoyazungumzia leo hayasimamishi kitu. Yanaanza na ganzi ya vidole usiku, kisha kiwiko kinauma, kisha bega linakataa kuinuka. Anayeponda kokoto, anayepasua mbao kwa msumeno kule Walikale, anayekoroga sima kwa chepe, wote wanarudia mwendo mmoja kutwa nzima. Kano zinasuguka na kuvimba, na zisipopata muda wa kupona, uvimbe unakuwa ugonjwa wa kudumu. Jambo hili si jipya: Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliyaandika maradhi ya mafundi mwaka 1700.

Kumfundisha mfanyakazi kuinama vizuri hakutoshi. Mwendo wa mkono unaamriwa na malipo. Mama anayelipwa kwa lundo la kokoto hawezi kupumzika, kwa sababu pumziko lake ni chakula cha watoto. Kwa hiyo kinga inaanza kwa yule anayepanga kazi: aliyeponda asubuhi apelekwe kuchekecha mchanga, na malipo yake ya siku yasipungue. Mgeni wa kazi, hasa mkimbizi aliyeacha shamba lake juzi, aanze polepole; mwili wake haujazoea nyundo.

Tuje kwenye mizigo. Mfuko wa sima una kilo 50. Hesabu ya wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani inaanzia kikomo cha kilo 23, tena kwa mzigo ulioshikwa karibu na mwili, bila kujipinda. Hapa kwetu mzigo unapandishwa mlima wenye utelezi, mara nyingi kwa ngoyi, kamba ya kubebea inayopita kwenye kipaji cha uso. Wabebaji wa mgodi wa Bisie, kule Walikale, walitembea msituni kilomita 45 hivi hadi Njingala na magunia ya kilo 50, na watu wakawasifu kwa mgongo mgumu. Sifa hiyo naikataa. Imetumika kuwanyima burueti.

Vifaa tunavyovihitaji si vya ajabu. Mfuko ubebwe na watu wawili, au sima igawanywe. Mawe yapondewe juu ya meza ya mbao, ili mgongo usikunjwe kutwa. Mpini wa nyundo ujae kiganja na uvikwe mpira wa ndani wa gurudumu. Msumeno unolewe, kwa maana ukiwa butu unadai nguvu zaidi kila unapovutwa. Anayetumia msumeno wa injini apokezane na mwenzake, na vidole vyake vikae na joto: mtetemo na baridi ya asubuhi kwenye milima ya Masisi vikikutana, damu haifiki vizuri kwenye ncha za vidole.

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002, inamtaka mwajiri alinde afya kazini. Lakini kibarua wa siku hana kadi wala barua ya kuonyesha kwamba ameajiriwa. Ndiyo maana naomba daftari la mahudhurio liongezewe safu mbili: kazi aliyofanya kila mmoja na kwa saa ngapi, na kiungo kinachomuuma. Mkubwa wa shantie alisome kila jioni, kabla hajapanga kazi ya kesho.