Kumchagulia Mteja Nakshi ya Shuka

Somo la leo ni kudarizi mashuka.

Mteja wa Mwakitolyo akikuletea shuka jeupe, usishike sindano bado. Muulize: ni la nani? La bibi harusi, au la mchimbaji arudiye jioni na vumbi la machimboni? Huyu wa pili mshauri achukue kitambaa cha rangi iliyokolea.

Kisha tazama kanga. Ina pindo, mji na jina. Shuka nalo lifuate mpango huo. Kwa harusi ya Kisukuma, ng'ombe katikati wanafaa, kwa kuwa ndio mahari, na maua ya pamba yakizunguka pindoni. Tausi wamezoeleka mno. Maneno yaweke mahali ambapo mito haitayafunika.

Uzi mwekundu ujaribu kwanza: loweka kipande katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe. Ukichuja, usiutumie.

Jina liandike kwenye karatasi, mlisome na mteja herufi kwa herufi. Huku kwetu Maria huitwa Malia. Mwulize mwenyewe ataka lipi. Ukikosea utafumua, lakini matundu ya sindano yatabaki, na shuka utalilipa wewe.