Kumwelezea Muganga Ugonjwa kwa Telefone

 Mkae vizuri. Mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe, hakuna haya hapa. Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya chandarua. Tutasema juu ya telefone.

Mtaniuliza: telefone inaingia namna gani katika mambo ya kilinike? Inaingia sana. Zamani mama akitaka shauri la muganga alitembea kwa miguu na mtoto mgongoni, ao alingoja treni ya kwenda Kamina. Leo shauri linaweza kumfikia nyumbani. Tanzania walianza kazi ile mwaka 2012: mama mwenye mimba aliandika neno MTOTO, akalituma kwa namba 15001, na habari zilimfikia kwa Kiswahili bila kulipa. Afrika ya Kusini walianza yao mwaka 2014, inaitwa MomConnect. Mama anaandikishwa kwenye kilinike siku anapokuja kupimwa mimba. Kenya kuna PROMPTS: mama anatuma swali kwa ujumbe mdogo, naye anajibiwa. Namba za inchi zile si za kwetu, msizijaribu. Sisi wa Kaniama tukiwa na namba ya muganga, ao WhatsApp ya mtoto wetu aliye Lubumbashi mwenye kufanya kazi hospitalini, tayari tuko na njia.

Lakini njia bila kujua kusema haisaidii. Muganga wa telefone haoni mtoto wako. Hamgusi. Hasikii namna anavyohema. Macho yake ni wewe.

Kule Kenya mashine inasoma ujumbe wote kwanza, inatafuta ule wenye kuonyesha hatari, ndipo inaupeleka mbele kwa mtu apate kuujibu upesi. Basi angalia ujumbe huu: «Jambo muganga, habari ya kazi? Habari ya watoto? Huku tuko muzuri kidogo. Mutoto iko na moto.» Hatari iko wapi? Umri uko wapi? Ninajua, kwetu mtu asiyesalimia anaonekana kama hakulelewa. Na mimi nililelewa hivyo. Lakini kwa ugonjwa, salamu zitafuata nyuma, muganga hatakasirika.

Sasa angalia ule mwingine: «Mtoto wa miezi 8. Moto tangu jana asubuhi. Anahema mara 56 kwa dakika. Ananyonya kidogo. Nilimpa parasetamole usiku.» Huyu mama hakumpita yule sana kwa wingi wa maneno. Lakini muganga akisoma tu anajua la kujibu: mlete leo, usingoje kesho.

Namna gani alijua 56? Alihesabu. Ile telefone yenyewe iko na saa, hata ile ndogo ya vifungo. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, pandisha shati lake, angalia tumbo. Linapanda na kushuka: hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, usikate nusu. Mtu mwingine ashike saa, wewe macho yako yabaki tumboni. Mtoto chini ya miezi 2, ikifika 60, ni mbaya. Kutoka miezi 2 hadi mwaka 1, ikifika 50, ni mbaya. Kutoka mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Kuhema mbio hivyo kunaweza kuwa ugonjwa wa mapafu, nao unaua watoto wengi. Jizoezeni nyumbani na mtoto mzima, mkono uzoee.

Na dawa, msiandike «kidonge cheupe». Vidonge vyeupe ni vingi sana! Someni jina juu ya karatasi yake, ao pigeni picha. Kadi ya mtoto pia ipigwe picha mchana, karibu na mlango, maandishi yote yaonekane. Mvua ikilowesha kadi, picha inabaki. Lakini picha ya mwili wa siri, wako ao wa mtoto, isitumwe kwa mtu usiyemjua.

Mama mmoja atasema: «Mimi sijui kusoma.» WhatsApp inapokea sauti. Unashika alama ya kinasa-sauti, unasema kwa Kiluba ao kwa Kiswahili, unaachilia, inakwenda. Kama binti wa shule anakusomea jibu, mwambie asome yote, neno kwa neno. Wasichana wetu wanapenda kufupisha: «Anasema upatie mutoto dawa.» Dawa gani? Mara ngapi? Siku ngapi? Msiache mpaka aseme.

Kuna neno la telefone ya nyumba. Mara nyingi ni ya bwana, ao ya shemeji, ao watu watano wanaishika. Ukiuliza juu ya kuzaa kwa mpango ao juu ya kipimo cha Ukimwi, jibu litakuja wakati telefone iko mkononi mwa nani? Fikiri mbele. Maneno mengine ni bora kuyaleta hapa kwa kinywa chako, mlango ukiwa umefungwa. Na mtu akikuomba namba ya siri ya M-Pesa ili upate jibu la muganga, huyo si muganga, ni mwizi.

Habari zenye kuzunguka bila mwenyewe, ziogopeni. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, telefone zilijaa dawa za vitunguu saumu na maji ya moto. Ukipokea habari ya namna ile, uliza: nani aliandika? Kama hakuna jina, usiitume kwa dada yako.

Sasa sikilizeni sana. Kuna siku ya kutoandika hata neno moja. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, ao anayelala na haamki: inuka, njoo. Mama mwenye mimba anayetoka damu, aliyepasuka chupa, mwenye kuumwa sana kichwa na macho kuona giza, aliyevimba uso, ao asiyesikia tena mtoto akicheza tumboni: inuka, njoo, hata usiku. Hapo telefone iko na kazi moja tu. Mkiwa njiani, mwenye kukusindikiza apige: «Tunakuja, tuko watatu, mama anatoka damu.» Tutakuta kitanda tayari.

Siku ya kilinike ijayo mlete telefone zenu, hata ile yenye kioo cha kuvunjika, na ziwe na moto kidogo. Wanafunzi wangu wa shule ya uuguzi watakaa nanyi mmoja mmoja. Nimewakataza kushika telefone ya mama. Kila mama atabonyeza mwenyewe.