Mtunzi Ambaye Hakuandika: Amri Athumani na Sanaa ya Kichekesho



Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948, na nchi nzima ikaja kumjua kwa jina la King Majuto. Mwaka huohuo wa 1948, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Milford, kusini mwa Uingereza, walikutana vijana wawili waliokuwa wamelazwa. Mmoja aliitwa Ray Galton, mwenzake Alan Simpson. Walianza kutunga vichekesho kwa ajili ya redio ya wagonjwa wenzao, na walipopona waliipelekea BBC kazi zao. Kuanzia 1954 waliandika Hancock's Half Hour, kwanza kwa redio kisha kwa televisheni, na mwaka 1962 wakaanzisha Steptoe and Son, kisa cha baba na mwanawe wa London wanaoishi kwa kukusanya vitu chakavu kwa gari la farasi. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane. Galton alimfuata Oktoba ya mwaka huohuo.

Galton alipofariki, magazeti ya kwao yalimwita mwandishi. Mwaka 2016 yeye na Simpson walikuwa wamepewa na BAFTA, taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza, heshima yake ya juu kabisa kwa kazi ya kalamu. Majuto alipofariki tulimwita mchekeshaji, mwigizaji, msanii mkongwe, nguli. Yote ni kweli. Lakini ni nani aliyetunga yale maneno yaliyotuchekesha kwa miaka hamsini na zaidi? Sehemu kubwa aliyatunga yeye mwenyewe. Dai langu leo ni kwamba Amri Athumani alikuwa mtunzi kwa maana kamili, sawa na wale Waingereza wawili, na kwamba kutomhesabu hivyo kumemgharimu yeye na kumeigharimu fasihi ya Kiswahili.

Aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha sanaa anajua kichekesho kinavyozaliwa. Mwenye kisa huwakusanya wenzake na kuwasimulia habari kwa ufupi: kuna mzee, ana wake wawili, kila mmoja amedanganywa kwamba yuko peke yake. Wewe utakuwa mke mkubwa, wewe mpangaji, wewe polisi. Baada ya hapo watu hupanda jukwaani. Hakuna karatasi. Maneno hutafutwa hukohuko mbele ya watazamaji, na kesho yake kinachobaki ni kile kilichochekesha jana. Kisa kikizunguka kumbi kwa miezi kinakuwa kimenolewa kila neno, ingawa hakuna aliyekiandika. Ndivyo zilivyofanya kazi Muungano, Tanzania One Theatre, DDC Kibisa na vikundi vingine ambavyo onyesho lao moja lilibeba ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu. Majuto aliingia katika sanaa hii mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Alikaa katika shule hiyo ya jukwaani miongo kadhaa kabla kamera haijamfikia, kwa maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, yapata miaka ishirini baada ya Zanzibar.

Wakati huo wote huku Karagwe, mkoani Kagera, tulikuwa na redio. Wazee wangu mlio hapa mnawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na jinsi sauti mbili tu zilivyoweza kujaza ua mzima. Baadaye zikaja kanda na vibanda vya video, na sura ya Majuto ikapanda milima hii kabla ya barabara ya lami.

Turudi kwa Hancock, kwa kuwa kisa chake kinatusaidia kuona jambo ambalo kwetu limejificha. Tony Hancock ndiye aliyekuwa uso wa vichekesho vya Galton na Simpson. Watu walidhani utani ule ni wake. Mwaka 1961 aliamua kuachana na watunzi wake. Mwaka uliofuata wao wakaibuka na Steptoe and Son, kazi iliyodumu hadi 1974. Hancock hakurudi tena kwenye kilele chake, na alifariki Sydney mwaka 1968. Kutengana kwao kulimwonyesha kila mtu kazi ya mtunzi ilikuwa ipi na ya mwigizaji ilikuwa ipi. Kwetu hakukuwa na nafasi ya kuona hilo. Hancock na Galton walikaa ndani ya mtu mmoja, mwenye kofia na kicheko cha Kitanga, na siku alipoondoka waliondoka wote wawili.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, maana utunzi hauthibitishwi kwa sifa za msibani. Majuto alijenga mhusika mmoja na kumfanyia kazi maisha yake yote: mzee mbahili anayetaka aonekane mkarimu, mwoga anayejitangaza shujaa, mtu mzima mwenye tamaa ya ujana. Mzee huyu husema uongo mdogo, kisha hulazimika kusema mkubwa ili kuuficha ule mdogo, na kila anayeingia mlangoni humwongezea mzigo. Huo ni muundo. Msikilizeni anavyojibu swali: kwanza analirudia kama hakulisikia, halafu ananyamaza, kisha anajibu jambo ambalo hakuulizwa. Kimya kile cha katikati amekipima. Galton na Simpson walikipima kimya cha Hancock kwenye taipureta, wakaonyesha mahali pa kusita. Majuto alikipima kwa masikio, kwa kusikia ukumbi wa watu unavyovuta pumzi. Matokeo ni yaleyale, na mimi naona njia ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa haina kifutio.

Tena tazameni alivyokuwa na Hussein Mkieti, maarufu kama Sharo Milionea. Yule kijana alikuja na nguo za kisasa, Kiingereza cha kuokota na majigambo ya utajiri asiokuwa nao. Mzee akawa na ujanja wa zamani na Kiswahili cha pwani kisichochafuka. Kila mmoja anamwona mwenzake mjinga, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Ukiitazama Steptoe and Son utakuta jambo hilohilo: mwana anayetamani kuondoka akawe mtu wa maana, baba anayemng'ang'ania, na umaskini unaowafunga kamba moja. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Wote waligundua kwamba kicheko kirefu hutoka kwa watu wawili wasioweza kuachana. Sharo Milionea alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza tarehe 26 Novemba 2012, na jozi ile ikakatika ikiwa bado mbichi. Binafsi naamini kazi kubwa kuliko zote ya Majuto ilikuwa njiani kupitia kwa kijana yule.

Sitaki kuficha upungufu wake. Filamu nyingi alizocheza zina mwanzo mtamu na mwisho uliopwaya. Kisa kinazunguka, mtu anafukuzwa, mwingine anaanguka, filamu inakwisha. Jukwaani kisa kilikuwa kikinolewa kwa miezi. Kwenye filamu kilipigwa picha kwa siku chache na hakikupata usiku wa pili wa kujirekebisha. Hapo ndipo karatasi ingemsaidia. Waliokuwa na fedha za kutengeneza filamu waliona maneno yatakuja tu, kwa sababu Majuto yupo. Walipata bure kitu ambacho Uingereza hulipiwa.

Na hili la malipo lina uzito wake. Steptoe and Son ilitengenezwa upya Uholanzi, ikatengenezwa Sweden, na Marekani ikawa Sanford and Son mwaka 1972. Kisa kilikuwa na wenyewe wanaojulikana, hivyo aliyekitaka alijua mlango wa kubisha. Kwetu desturi ya biashara ya filamu ilikuwa kuuza masta: unakabidhi kazi, unapewa fedha mara moja, na kanda ikiuzwa miaka kumi hupati tena hata senti. Mwigizaji alilipwa kwa siku alizosimama mbele ya kamera, na aliyetunga maneno hakulipwa kwa sababu kwenye vitabu vya hesabu hakuwepo. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, Waziri Harrison Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Ilikuwa hatua njema, nami naipongeza. Ila ilimkuta mwenyewe kitandani.

Sheria hazikukosekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inamtaka anayeomba kibali cha kutengeneza filamu awasilishe maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa. Kwa hiyo Serikali ilidai mswada tangu zamani kwa ajili ya ukaguzi. Ambao hatukuudai kwa niaba ya mtunzi ni sisi wasomi, wachapishaji na walimu.

Nasema sisi wasomi kwa sababu lipo jambo la kutuuma zaidi. Kichekesho kilipoandikwa na mtu mwenye digrii, tulikitambua upesi. Ebrahim Hussein alikichukua kichekesho cha mitaani akakifanya msingi wa tamthilia yake Alikiona, na alikieleza katika tasnifu yake ya uzamivu huko Berlin mwaka 1975. Farouk Topan alituchapishia Mfalme Juha mwaka 1971, tamthilia ya kuchekesha na yenye hekima. Tumezifundisha, na tulifanya vyema. Lakini wenye kichekesho chenyewe, wale ambao Hussein alijifunza kwao, hawana ukurasa katika vitabu vyetu.

Wananchi wa Ihembe, hapa Karagwe, ninyi hamhitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kutunga bila kalamu. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika Karagwe kwa Omukama Rumanyika, na katika kitabu cha safari yake aliieleza nanga, ala ya nyuzi aliyoikuta ikipigwa hapa. Mpiga nanga wa Kagera alitunga utendi huku akiupiga, akiurefusha au kuufupisha kwa kadiri ya waliokaa mbele yake. Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya walitilia shaka kama Afrika ina tendi kweli. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mtoto wa mkoa huu, alikwenda kwa wapiga nanga wa Bahaya, akawarekodi, akaandika neno kwa neno walichoimba, na mwaka 1986 akakamilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya kazi ile, kusema kwamba mpiga nanga si mtunzi kukawa ni ukaidi tu.

Ninachokiomba kwa ajili ya Majuto ni kazi ya namna hiyohiyo, na ninaamini inaweza kuanzia katika shule ya sekondari. Walimu, chukueni kisa kimoja tu cha Majuto kati ya vile ambavyo wanafunzi wenu wanavijua kwa moyo. Kiandikeni chote: maneno upande mmoja, matendo upande wa pili, na alama ya kila mahali anaponyamaza. Msimsahihishe Kiswahili chake. Msiondoe kurudiarudia kwake, kwa maana humo ndimo ufundi ulimo. Mkimaliza mtakuwa na mswada wa kurasa kadhaa, unaoweza kusomwa darasani, kuchezwa na wengine, kulinganishwa na Mfalme Juha na kukosolewa pale ulipolegea. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili atakapoweza kujibu swali la mtihani kuhusu muundo wa kichekesho kwa kumtaja Amri Athumani wa Tanga kama mtunzi, na mwalimu akamsahihishia kwa haki.