Siku Tatu za Mwanzo Varanasi



Nilipokwenda Varanasi kusoma dini kwa muhula mmoja, nilijiona mwenyeji kabla ya kufika. Je, sikulelewa katika hekalu hili? Siku ya kwanza nilipotea katika vichochoro vya mji ule. Siku ya pili mwalimu alinipa ukurasa wa Kisanskriti. Sikuweza kusoma hata mstari mmoja, ijapokuwa mantra zile nimeziimba tangu utotoni.

Siku ya tatu nilishuka ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa mto Ganga, ambako miili ya wafu huchomwa usiku na mchana. Nilitamani kukimbia. Mzee mmoja aliyefiwa akanisogezea nafasi ya kuketi, bila kuniuliza natoka wapi.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Alipofariki hapa Mombasa, majirani Waislamu na Wakristo walikuja wakaketi nasi matangani, wala hawakutuuliza maana ya sala zetu.

Enyi majirani, elimu niliyoifuata mbali ilikuwa imeanzia mkekani penu.