Maneno ya Kiingereza Huja kwa Mtungo



Leo tutazungumza juu ya Kiingereza. Wengi wenu mmehitimu kisomo cha Kiswahili na sasa mnajifunza maneno ya Kiingereza, moja moja. Ni vizuri. Lakini ipo hatari, nasi tumeiona katika darasa letu wenyewe.

Mama mmoja wa huku kwetu pwani, karibu na mlango wa Ruvuma, alipewa dawa ya maji ya mtoto. Chupa imeandikwa: Keep out of reach of children. Mama akatafuta maneno anayoyajua. Keep, weka. Out, nje. Children, watoto. Basi akaiweka dawa nje, barazani, pale pale wanapocheza watoto! Bahati njema bibi yao aliiona kabla haijafunguliwa.

Mama yule si mjinga hata kidogo. Maneno yale matatu aliyajua sawasawa. Asilolijua ni kwamba out of reach ni mtungo mmoja, maana yake mahali ambapo mkono haufiki. Dawa ilitakiwa iwekwe juu, watoto wasiifikie. Ninyi wavuvi mnaujua mtungo wa samaki: ukishika mmoja, wote wanakuja. Na maneno yashikeni hivyo hivyo.

Tena jambo hili haliko kwa Waingereza tu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, wala hapana aliyeumia. Mwingereza picha huichukua: take a picture. Ukivuka Ruvuma pale Kilambo ukaingia Msumbiji, wanaosema Kireno picha huitoa. Na picha ni ile ile!

Kijana mmoja wa hapa Mtwara alitaka kumwambia mgeni wake wa kazini, "Nimempigia mke wangu simu." Akasema: I beat my wife. Simu ikamponyoka. Mgeni akakunja uso, kazi ikawa mashakani, mpaka alipopatikana mtu wa kueleza. Angesema I called my wife, yangekwisha.

Mzee mmoja alituuliza, "Je, mwalimu, na ile ya kuipiga ndoo teke?" Ndiyo mzee, kick the bucket ni kufa. Lakini ni maneno ya mzaha, usiende kuyasema matangani. Kwa maoni yetu mafumbo ya namna hiyo yangoje. Hata sisi tukimwambia mganga kwa Kiingereza kwamba babu amekula chumvi nyingi, atampima shinikizo la damu.

Anzeni na yale yaliyomo nyumbani. Take one tablet twice a day. Hapa take si kuchukua ukaenda nacho. Ni kumeza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Shake well before use. Ukifungua kamusi utaambiwa well ni kisima. Ni kweli, lakini hapa ni vizuri: tikisa vizuri kabla ya kutumia.

Jumatano njooni na paketi na chupa tupu za dawa za hospitali. Chupa za dawa ya mikorosho msizilete, maana sumu hubaki ndani. Nakilini maneno yake kwenye daftari, kisha mnawe mikono kwa sabuni.