HATUA MOJA YA SAUTI: NI YA ADHANA AU NI YA TAARAB?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya Tarawehe)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, mada hii imetokana na mzozo ambao nyote mnaujua. Kijana anajifunza kuadhini, mzee anamwambia: "Hayo ni mahadhi ya taarab, yaache." Kijana naye anajibu: "Mbona Makka wanaadhini hivi hivi?" Sasa, hawa wote wawili wamesikia kitu cha kweli. Wamesikia maqamu ya Hijazi, na ndani yake kuna hatua moja pana ya sauti ambayo haimpiti mtu sikioni.

Sikuja na kinanda, tuko msikitini. Lakini wengi wenu mmekiona shuleni. Anza kwenye mi, panda fa, jirani yake kabisa. Kisha ruka mpaka kile kitufe cheusi kilicho baina ya so na la, halafu umalizie la. Basi, hiyo ndiyo Hijazi. Ule mruko wa katikati, kutoka fa hadi kitufe cheusi, una nusu-hatua tatu. Kabla yake kuna nusu-hatua moja, na baada yake nusu-hatua moja. Yaani sauti imebanwa, ikaachiwa, ikabanwa tena. Huo mbano ndio unaoleta ile huzuni na hamu tunayoisikia.

Na hapa pana jambo la ajabu. Chukua vitufe vile vile viwili, uvitenge na majirani zake, uteremke kutoka cha juu kwenda cha chini. Utasikia mtoto anamwita mwenzake toka ng'ambo ya barabara: Juu-ma! Hakuna huzuni wala hamu yoyote. Nafasi ni ile ile, vitufe ni vile vile. Kilichobadilika ni majirani.

Basi nani mwenyewe wa hatua hii? Tuanze hapa hapa pwani. Taarab iliipata kutoka Misri na Bara Arabu, pamoja na udi na kanuni. Kundi la Ikhwani Safaa la Unguja limekuwapo tangu 1905. Mombasa ilikuwa na mlango wa pili, nao ni nyimbo za sinema za Kihindi, ambazo marehemu Juma Bhalo alijulikana sana kwazo. Wahindi wana raga ya Bhairav, ya asubuhi, yenye hatua hii si mara moja bali mara mbili. Kusini mwa India mwanafunzi wa muziki huanzia na ngazi hiyo hiyo siku ya kwanza, kama sisi tunavyoanza na alif.

Mayahudi wa Ulaya Mashariki nao wanayo katika sala zao (msishtuke), na wimbo wao maarufu wa Hava Nagila umejengwa juu yake. Flamenko ya Uhispania inayo. Wagiriki wanayo.

Wazungu wa kwaya, kinyume chake, waliikwepa. Vitabu vya kufundishia uandishi wa kwaya vinamkataza mwanafunzi kuitumia kwa sababu ni ngumu kuimbika. Lakini walipotaka kumwonyesha mtu wa Mashariki jukwaani, hao hao wakaikimbilia! Saint-Saëns aliitumia katika opera yake ya Samson et Dalila, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1877. Sinema zikafuata: Lawrence of Arabia ya 1962, kisha Aladdin ya 1992, ambayo maneno ya wimbo wake wa kufungulia yalibadilishwa 1993 baada ya Waarabu wa Marekani kulalamika kuwa yanawatukana. Maneno yalibadilishwa, mahadhi yakabaki. Mtu aliyekulia kwenye sinema hizo akisikia adhana, anachokumbuka ni jangwa na panga. Adhana haikumfanyia hivyo. Ni sinema.

Kwa hivyo kumwambia kijana "nimeisikia kwenye taarab" si hoja, kwa sababu imesikika kila mahali. Na kumjibu mzee "Makka wanafanya" pia hakutoshi. Hijazi si sharti la adhana. Waturuki wana desturi ya kuadhini Alfajiri kwa maqamu ya Saba na Magharibi kwa Segah.

Ila mzee ana jambo moja ambalo vijana wengi hawalisikii. Hatua hii ni tamu, na muadhini akifika pale hutaka kukaa. Anavuta. Anavuta nini? Anavuta herufi! Akiivuta alif ya mwanzo, "Aallahu akbar", tayari ameuliza swali: je, Allah ni mkubwa? Akiivuta baa, "akbaar", neno limekuwa wingi wa kabar, yaani ngoma. Hilo mafaqihi wamelionya zamani sana, na ndilo kosa lenyewe, si Hijazi. Kuvuta kunaruhusiwa penye madd, kama ile "laa" ya Allaah.

Jambo jingine, wengi mnajifunzia kwenye rekodi za kasida za kinanda. Kinanda kina mruko ulio mpana mno. Waimbaji na wasomaji wa Kiarabu huipandisha kidogo ile sauti ya pili na kuishusha kidogo ya tatu, mruko ukawa laini. Ndiyo maana adhana iliyojifunzwa kwa kinanda husikika kavu, kama ya mashine. Sikilizeni sauti za watu.

Nimependekeza hivi kwa wanaofundisha. Kijana aadhini kwanza bila mahadhi yoyote, mzee akihesabu madd zake. Zikisimama sawa, ndipo atie Hijazi. Na mzee akiona kosa baadaye, ataje neno lililovutwa, asiseme taarab.

Wabillahi tawfiq. Mwenye swali ainue mkono, na muadhini wa kesho Alfajiri abaki nyuma kidogo.